Ndovu, Mwalimu Parsaloi na Jibu Nililolifuta

Jumapili, Agosti 2005. Kitengela. Baridi, mawingu, na vumbi juu yake.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, huo naujua na huisha nikilala. Huu ni uchovu wa mtu aliyegombana na gemu, akagombana na mtandao, akagombana na watu wazima wenzake, halafu mwishowe akapata mwenye makosa ni yeye mwenyewe. Nimetoka kanisani bila kusikia hata mstari mmoja wa mahubiri. Mama ameniuliza kama niko na homa. Nimesema ndiyo. Ni rahisi kuliko kueleza.

Kama unapita hapa mara ya kwanza, naitwa Mwikali. Niko na miaka ishirini na tisa. Wiki nzima nakagua mishono ya suruali kiwandani, na kila Jumamosi mchana naenda cyber ya Njeri kucheza gemu ya vita. Njeri tulisoma naye sekondari. Babake alimwachia chumba cha chini kwenye jengo lake, yeye akakijaza kompyuta nane na bango linalosema usile hapa.

Gemu yenyewe ni ya askari wa siku zijazo. Majeshi mawili yanapigania sayari moja yenye mbingu nyekundu, watu mamia kwa wakati mmoja, na kila askari unayemwona ni mtu halisi amekaa mahali fulani duniani. Jina lake la Kiingereza ni refu kama jina la dawa, kwa hivyo sisi tunaiita tu Mbingu Nyekundu.

Shida ni kwamba hao wengine wamekaa Ulaya na Marekani, na sisi tumekaa Kitengela. Mtandao wa Njeri unapitia kwa dishi lililo juu ya paa, na upepo wa hapa hauna heshima kwa dishi. Ukivuma kidogo tu, sisi wote tunasimama wima kama milingoti huku adui akitupiga apendavyo. Mtandao ukirudi, unajikuta umelala chini na hujui hata umeuawa na nani.

Kwa hali hiyo ndiyo nilijifunza kulenga shabaha. Ilinichukua mwaka mzima. Nilijifunza kupiga si pale adui alipo bali pale atakapokuwa risasi yangu ikishafika. Hakuna mtu alinifundisha. Kuna Jumamosi nilipata adui mmoja tu mchana wote, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Halafu wenye gemu wakaanza kutuletea nyongeza.

Nyongeza ya kwanza ilikuwa mwezi usio na hewa. Ukishuka huko uko na dakika nne za kupumua, kisha ukimbie ujaze mtungi. Dakika nne ni za mtu wa Ulaya. Kwetu sisi, mbili kati ya hizo zilikuwa zinaishia kwa kungoja picha isogee. Nimekufa kwa kukosa hewa mara nyingi kuliko kwa risasi. Na kwa sababu nusu ya wachezaji walihamia huko, sayari yetu ikabaki kama soko siku isiyo yake. Unatembea ngome baada ya ngome ukitafuta hata mtu wa kukuua.

Nilivumilia. Nilinung'unika, lakini nilivumilia.

Nyongeza ya pili ndiyo ilinishinda. Binamu yake Njeri aliye ng'ambo alitutumia diski, tukaiweka, na ndani yake kulikuwa na Ndovu. Hilo ni jina tulilompa sisi. Ni mtambo wa miguu minne, mrefu kama tangi la maji, wenye mzinga unaojilenga wenyewe. Wewe kazi yako ni kukaa ndani na kumgeuza upande wa adui. Mengine anajifanyia. Mwaka wangu mzima wa kujifunza, mtu anaupita kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Aki nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikawa naongea peke yangu kazini. Suruali mbovu zilipita mbele yangu na sikuziona.

Sasa nieleze habari ya Mwalimu, kwa sababu bila yeye haya yote yangebaki kuwa manung'uniko ya gemu.

Mwalimu Parsaloi anafundisha hesabu shule ya msingi huko Kisaju. Anakaribia miaka hamsini. Alianza kuja kwa Njeri kuandika mitihani ya shule, akatuona tukipiga kelele, akauliza ni nini, na tangu siku hiyo ni mmoja wetu. Mkono wake wa kulia una kidole gumba na kidole kingine kimoja. Vile vingine vilikatwa na mashine ya kukatia ng'ombe nyasi alipokuwa kijana. Mausi anaishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia unahangaika na vitufe. Katika vita vya miguu alikuwa anakufa wa kwanza, kila mara. Kwa hivyo tulimpa gari la risasi. Mwaka mzima Mwalimu alikuwa anatuletea risasi, akishukuru tukimshukuru.

Ndovu alipokuja, Mwalimu aliingia ndani yake, na katika wiki mbili jina lake lilikuwa juu ya orodha ya jeshi letu lote. Juu ya majina ya wazungu. Juu ya langu pia, mbali sana.

Kwenye ukumbi wa wachezaji kule mtandaoni kuna kona yetu ya Afrika Mashariki ambapo tunaandika Kiswahili. Wiki tatu zilizopita niliketi nikaandika maoni yangu juu ya nyongeza ya pili. Niliandika kwa hasira na niliandika vizuri, ninakubali. Nilisema wenye gemu wametuuza. Nilisema hakuna haja ya kujifunza kitu tena. Na katikati niliweka sentensi ambayo nilijivunia sana siku hiyo: "Ndovu ni silaha ya watu wasio na mkono."

Unajua vile tunasema mpishi fulani ana mkono. Nilimaanisha ujuzi.

Watu walifurahi sana. Walinipongeza kutoka Arusha, kutoka Kampala. Mmoja alisema nimesema kile ambacho kila mtu anafikiria.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakuja. Njeri alikuwa anafuta vumbi kwenye kompyuta, hakuinua hata macho.

"Mwalimu amesoma ile kitu yako," akaniambia.

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alisoma, akaisoma tena, akachukua kofia yake."

Nilimwambia Njeri sikumfikiria Mwalimu hata kidogo wakati naandika. Nimemwambia hivyo, nikamwambia na mama, na nimejiambia mwenyewe mara nyingi.

Ni uongo.

Nilipoandika sentensi ile nilimwona. Niliona jina lake juu ya langu kwenye orodha, nikaona na ule mkono, nikaona vile maneno yanakaa vizuri, nikayaacha. Sikupanga kumuumiza. Lakini nilimwona.

Hapo ndipo nikafanya jambo la kijinga kuliko la kwanza. Jumatano baada ya kazi nilienda kwa Njeri, nikaingia ukumbini, na bila hata kufungua kusoma yaliyoongezwa na watu, nikabonyeza futa. Nikaulizwa kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Maoni yakaondoka yote na kila kitu kilichokuwa chini yake. Nilihisi vizuri. Nilihisi kama mtu aliyeosha vyombo.

Nikamwambia Njeri, nikitarajia sifa. Alinitazama kama mtu aliyeona nyoka.

"Umefuta? Lini?"

"Sasa hivi."

"Mwikali, Mwalimu alikuwa hapa jana na juzi. Shule si zimefungwa? Amekaa hapo kwenye ile ya dirishani tangu asubuhi mpaka mchana, siku mbili, akikujibu. Amemaliza jana mchana. Aliniita nimsomee aone kama kuna makosa."

"Akasema nini?"

"Si ungesoma!"

Niliandikia wasimamizi wa ukumbi. Walinijibu kwa adabu sana kwamba kilichofutwa kimefutwa. Niliwaandikia tena. Hawakujibu. Njeri naye alijaribu kukumbuka, akakumbuka vipande vitatu ambavyo havikushikana. Wiki nzima baada ya hapo nilitembea nikiwa na hasira na kila mtu. Kwa nini ukumbi wa ovyo hivyo ufute na majibu ya watu wengine? Kwa nini Njeri hakuniambia mapema? Kwa nini Mwalimu asingenipigia simu tu anitukane kama watu wa kawaida?

Na hasira zote, ukizifuata, zilikuwa zinarudi kwa mlango mmoja, wangu.

Jana asubuhi nilienda Kisaju.

Nyumba yake iko mbali kidogo na barabara, inabidi utembee. Nilimkuta akijazia mbuzi maji. Mkewe, Naserian, alinikaribisha vizuri mno, na hiyo ilinitisha. Mwalimu akaniamkia kwa Kimaasai, vile alivyonifundisha kuitikia siku za kwanza, alipochoka kuniona mtu wa Kajiado asiyejua salamu za Kajiado.

"Takwenya, Mwikali."

"Iko, Mwalimu."

Akaendelea kumwaga maji. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa lipi? Taja."

"Kwa yale niliandika."

"Hayo hayana neno," akasema. "Nilikasirika siku tatu hivi, ikaisha. Mtu akitoa maoni, anajibiwa. Nikakujibu."

Aliweka ndoo chini, akainua ule mkono wake wa kulia, si kwa hasira, vile tu mwalimu anaonyesha kitu ubaoni.

"Unajua mimi huandika aje? Natafuta herufi kwa hiki. Nikitaka herufi kubwa, nashikilia na hiki, nabonyeza na mkono ule mwingine. Siku mbili, Mwikali. Sijawahi kuandika kitu kirefu hivyo tangu chuo cha ualimu. Halafu Njeri ananipigia simu kwamba hakiko."

"Nilifuta kwa sababu sikutaka uumie."

"Uliniuliza kama nimeumia?"

"Hapana."

"Mtoto wangu darasani akikosa hesabu, mimi simfutii. Naweka alama ya kosa, na naandika kando kwa nini. Ukimfutia umemwambia hawezi." Mbuzi mmoja alikuwa anamsukuma goti. "Mwaka mzima mmenipa gari la risasi. Hakuna mtu aliwahi kusema kwa nini. Na mimi nilijua kwa nini. Wewe ndiye wa kwanza umesema kitu, hata kama ni kibaya, nikapata mahali pa kujibia. Halafu ukanifunga mdomo kwa sababu ya huruma. Hiyo huruma ndiyo nilikuwa nakujibu."

Naserian alileta chai. Tulikunywa. Ilikuwa chai tamu na mimi nilikuwa naimeza kama dawa. Nilitaka kulia, lakini niliona kwamba nikilia, itabidi yeye anibembeleze, na hiyo ingekuwa kazi nyingine namwongezea.

Nikamwomba msamaha kwa kufuta, nikamwambia nitamwandikia. Yeye aseme, mimi nipige chapa, neno kwa neno.

"Utaweza?" akauliza. "Bila kupunguza?"

"Nitaweza."

"Ya kwako nayo itarudi. Huwezi kujibu kitu hakipo."

Nilikuwa na nakala kwenye daftari. Nilikuwa nimetumaini hataiulizia.

Saa nane mchana tulikuwa kwa Njeri. Alitufungulia ile kompyuta ya dirishani, akavuta kiti chake karibu na akajifanya anahesabu karatasi. Nikaanza kunakili maoni yangu. Mwalimu alikaa kulia kwangu, miwani puani, akifuata kila mstari. Nilipofika kwenye sentensi ile vidole vyangu vilisimama.

"Endelea," akasema.

"Mwalimu, hii naweza…"

"Endelea. Ndiyo nzuri kuliko zote."

Niliandika. Watu wasio na mkono. Sijawahi kuandika maneno mazito hivyo, herufi moja moja, na mwenyewe amekaa pale anapumua. Nilipomaliza alitikisa kichwa kama mtu anayesahihisha insha na kukuta mwanafunzi angalau amejua kuweka nukta.

Kisha akaanza yake. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani. Sitaweka yote hapa, iko ukumbini, nenda usome. Lakini haya naweka, kwa sababu yalinikaa.

"Mwandishi anasema Ndovu hahitaji ujuzi. Mwandishi hajawahi kumwendesha hata siku moja."

Nikaandika. Ni kweli. Nilikuwa nimeapa sitamgusa.

"Mwandishi anasema alijifunza kulenga kwa mwaka mzima. Mimi pia nilijifunza mwaka mzima. Nilijifunza kufa. Mnapenda kusema gemu ni haki kwa sababu kila mtu anaanza na bunduki sawa. Haanzi na mikono sawa, haanzi na mtandao sawa. Mwandishi mwenyewe hulalamika kila wiki kwamba watu wa Ulaya wanamshinda kwa sababu ya waya, si kwa sababu ya akili. Sasa mimi nikilalamika juu ya vidole, hayo ni tofauti?"

Njeri aliacha kuhesabu karatasi.

Halafu Mwalimu akanishangaza. Alisema Ndovu kweli amezidi. Mzinga wake unapiga haraka mno, ngozi yake ni nene mno, na askari wa miguu hana la kufanya isipokuwa kukimbia. Alisema wampunguzie nguvu, wamfanye apoe kila baada ya risasi tatu, ili mtu mwenye shabaha apate nafasi. "Lakini kile chombo cha kujilenga wasikiguse," akasema. "Hicho ndicho mlango. Punguzeni nyumba, msibomoe mlango."

Nilimwangalia. Hiyo ndiyo hoja ambayo mimi, na kelele zangu zote, sikuwahi kuifikia.

"Sasa andika mwisho," akasema. "Mwandishi ni hodari sana akiwa mbali. Mtu akimkaribia, anafuta."

Njeri alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitaka kukataa.

"Ulisema bila kupunguza," Mwalimu akanikumbusha.

Nikaandika.

Nikabonyeza tuma, na hapo hapo, bila shaka, upepo. Ukurasa mweupe. Sisi watatu tulikaa tukiutazama. Kama kungekuwa na jiwe karibu ningelirusha kwenye lile dishi, na Njeri angenisaidia kulitafuta. Nilijua sitaweza kumwambia aseme yote upya. Mwalimu alitoa miwani, akaipangusa kwa shati, akasema hana haraka, mbuzi wameshakunywa.

Ilichukua karibu robo saa. Kisha ukurasa ukafunguka pole pole kutoka juu, na jibu lilikuwa pale, chini ya maoni yangu, na jina lake.

Alilisoma lote mara moja zaidi. Akasema kuna koma moja imekosekana. Akachukua kofia, akamuaga Njeri, na mlangoni akanigeukia.

"Umeomba msamaha kwa kufuta. Huo nimeupokea," akasema. "Kwa yale maoni usiombe. Yajibu. Lakini kabla hujajibu, mwendeshe Ndovu kwanza. Uandike kitu unakijua."

Leo baada ya kanisa nimepitia kwa Njeri dakika chache. Watu wameshaanza. Yule wa Kampala aliyenipongeza sasa anasema Mwalimu amemfungua macho, na sijui kama nimkasirikie au nimshukuru. Mwingine anasema wote wawili tunakosea na gemu iliharibika tangu ule mwezi usio na hewa. Mmoja ameuliza mbona mwandishi hajasema kitu. Ananingoja.

Bado naamini Ndovu ni upuzi. Naandika hivyo hapa ili nisijifanye nimeokoka. Wametengeneza mtambo mvivu ili kuuza diski, na mtu wa miguu wamemtupa. Hiyo hasira iko, sitaifuta, nimeshajifunza kuhusu kufuta.

Lakini kila nikianza jibu kichwani, linakatika pale pale, kwa vidole na waya. Sina la kusema hapo. Nimetafuta tangu jana.

Kesho ni Jumatatu, kuna suruali. Jumamosi nitaketi dirishani na kuingia ndani ya Ndovu kwa mara ya kwanza, Mwalimu akiwa kando yangu na miwani yake.

Sijui kama nitampenda. Ninachoogopa ni kwamba nitampenda.